Shemeji kanifungia spea za kuongeza nguvu, sasa dashibodi inawaka taa kila siku

Shikamoo anko,

Naomba msaada wako maana hii ishu imeshatoka gereji imeingia nyumbani na mimi sijui tena niongee na nani.

Nina Subaru Forester SH5 ya 2009, ile yenye turbo, niliichukua mwaka jana kwa jamaa mmoja huku Mbezi. Ilikuwa imetulia kabisa, inavuta vizuri, mafuta inakula ya kawaida kwa Subaru yenye turbo, sina cha kulalamika. Sasa mdogo wake wife ni fundi, ana gereji yake ndogo Tabata, kijana mzuri tu anajituma na mimi ndo nilimchangia hela ya jeki na kompresa alivyokuwa anaanza, kwahiyo gari yangu haiwezi kwenda kwa fundi mwingine, unanielewa. Jumapili moja akaja kutusalimia, akaiwasha, akapiga resi pale getini, akaniambia shem hii gari imebanwa, Wajapani wameifunga pumzi, ngoja nikuonyeshe Subaru inavyotakiwa kuwa.

Basi akaichukua siku mbili. Katoa masega, yale ya kusafisha moshi kwenye bomba, kaweka bomba la moja kwa moja la kuchomelea. Lile boksi jeusi la filta ya hewa kalitoa lote, kaweka filta ya koni ya wazi ile nyekundu na bomba lake la kung'aa. Plagi kaweka mpya za iridiamu kanunua Kariakoo, na oili kamwaga akaweka nyingine na filta yake. Jumla laki saba, anasema kwa mtu mwingine ingekuwa zaidi ya milioni. Anko sitakudanganya, wiki ya kwanza nilienjoi. Ule mlio! Majirani walikuwa wanajua nimerudi kabla sijafika kona ya mtaa.

Alafu taa ya cheki injini ikawaka, ile ya rangi ya njano. Na taa ya VDC, ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza, nayo ikawaka pale pale. Nikampigia, akaja na kimashine chake cha blututhi, akasoma, akafuta, ikazima. Baada ya siku chache ikarudi. Akafuta tena, ikarudi tena. Namba nilizipiga picha, ni P0171 na P0420, yeye anasema hizo ni kelele tu za kompyuta inabidi izoee spea mpya. Mafuta nayo naona yanaisha haraka kuliko zamani.

Mwezi uliopita tukaenda Iringa msibani, mimi na wife na watoto. Kupanda mlima Kitonga ile taa ikaacha kuwaka ya kutulia ikaanza kupepesa, gari inamisi inatetemeka, na nikikanyaga ili nilipite lori inakata mafuta ghafla halafu inarudi. Nyuma yangu kuna basi linanipigia honi. Tulifika lakini sio kwa raha. Mtoto wa pili alitapika njiani tukasema ni kona, na wife siku hizi akipanda hiyo gari analalamika kichwa, mimi nikajua ni sababu ya mlio maana tangu mwanzo alikuwa haupendi.

Kurudi Dar nikaipeleka kimya kimya kwa fundi mwingine wa Subaru. Huyo akafungua boneti, akaangalia chini, akaniambia bosi mimi hii sigusi mpaka urudishe vitu vyake vya mwanzo. Sasa mafundi wanajuana, habari zikamfikia shemeji, kanuna. Juzi mama mkwe kanipigia, ananiuliza kwani baba, mwanangu kakuharibia gari makusudi? Nikabaki sina jibu. Wife na yeye kakaa kati.

Shemeji mwenyewe suluhisho lake ni mawili, aidha aweke kale kadude ka chuma ka kuivuta sensa ya bomba la moshi nyuma ili isione vizuri, au atoe kabisa balbu ya cheki injini kwenye dashibodi niishi kwa amani, anasema magari ya vijana wote mjini yako hivyo. Nimkubalie? Na kama inabidi kurudisha, lazima nirudishe vyote? Maana ule mlio kwa kweli naupenda. Na nimwambieje huyu kijana bila kuvunja undugu?

Nilitaka kusahau, kuna ile taa nyekundu ya kibirika cha oili imewaka mara moja moja nikikata kona, inawaka kidogo inazima. Hiyo nadhani ni waya tu.

Ni mimi mpwa wako, mtu wa Mbezi


JIBU

Marahaba mpwa wangu.

Umeandika barua ndefu kuhusu taa ya njano, halafu kibirika chekundu umekiweka mwishoni, tena kwa kusema ulitaka kusahau. Hicho kibirika ndo tunaanza nacho, na kabla hujamaliza kusoma hapa, kama gari umeiegesha nje, naomba uende ukaangalie oili. Mengine yatakusubiri.

Taa za njano zinakuambia kuna jambo, lipangie siku. Taa nyekundu zinakuambia simama. Ile ya kibirika watu wengi wanadhani inapima oili imebaki kiasi gani, hapana, inapima presha ya oili, na swichi yake imewekwa iwake presha ikiwa imeshashuka sana. Yani ikishawaka, kuna vyuma ndani vinasagana bila utelezi wa kutosha, hata kama ni kwa sekunde moja. Ikiwaka kwenye kona tu maana yake mara nyingi oili imepungua, ukikata kona ile iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inavuta upepo. Injini hizi za Subaru za pistoni zilizolala zenye turbo zinajulikana kwa kunywa oili, na mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ukiwa umeshikiliwa na utando wa oili peke yake. Huo utando ukikosekana hakuna cha kuzoea wala nini, turbo inakwenda, na baada ya turbo zinafuata beringi za krenki, na hapo utakuwa unatafuta injini nzima Ilala Shaurimoyo.

Kwahiyo gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke chini, vuta kijiti, futa, rudisha mpaka mwisho, vuta tena. Kijiti cha Subaru kina tabia ya kupakaa oili upande mmoja juu zaidi ya mwingine, wewe soma pande zote mbili na uamini ule wa chini. Kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita moja. Ikiwa chini, ongeza taratibu oili ileile iliyomo, na kuanzia sasa ukague kila ukijaza mafuta. Ikiwa kijiti kinaonyesha imejaa na kibirika bado kinawaka, usiendeshe tena, hata kwenda gereji, ivutwe, na fundi afungue ile swichi afunge pale geji ya presha ya kawaida ya mshale asome. Inawezekana ikawa ni swichi mbovu kweli, huwa zinavuja. Inawezekana ni ile filta ya oili ya bei ya kutupa, kuna filta zipo mjini ndani yake ni karatasi tupu, ukiikata unashangaa. Lakini "ni waya tu" ni jibu la kutolewa baada ya geji kusema, sio kabla.

Sasa la pili, na hili nalo sio taa.

Mkeo anaumwa kichwa akiwa kwenye gari. Mtoto katapika. Kona za Kitonga zinatapisha watoto, hilo nakubali, lakini wewe umekata bomba la moshi, umechomelea jipya na umetoa masega, halafu watu ndani ya gari wanaumwa kichwa. Kazi ya masega ndo ilikuwa kuichukua ile gesi ya monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye injini na kuigeuza kuwa kaboni dayoksaidi kabla haijafika nje. Hiyo gesi haina rangi wala harufu, na kinachokera zaidi ni kwamba dalili zake za mwanzo ni kichwa, kichefuchefu na uchovu, vitu ambavyo mtu anasingizia safari. Sasa haina kinachoichuja, na kama mahali palipochomelewa pana tundu chini ya sakafu ya gari, inapanda ndani. Usiwapakie tena watoto kwenye hiyo gari mpaka limalizike. Wewe mwenyewe ukiendesha, vioo chini, na usiiache ikinguruma ndani ya banda au getini palipozibwa. Na ukimuuliza mkeo kama kichwa kinapoa akishashuka na kupata hewa, na akasema ndiyo, basi usisubiri kesho.

Kupima ni rahisi. Asubuhi bomba likiwa la baridi, gari iko nje kwenye uwazi, mtu mmoja aiwashe, mwingine azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache tu, na wewe usikilize chini. Ukisikia "chiii" kwenye maungio, au ukaona masizi meusi yamechora mstari kwenye welda au kwenye gasketi, ndo hapo. Usilale chini ya gari iliyoko kwenye jeki peke yake, hilo nadhani unajua.

Haya, tuje kwenye taa zako za njano.

VDC isikupe hofu. Subaru ndo zilivyo, kompyuta ikiona hitilafu ya injini inazima mfumo wa kuzuia kuteleza na kuwasha taa yake, kwa hiyo hiyo sio shida ya breki, ukitibu injini nayo inazima yenyewe. Nimeona watu wamebadilishiwa sensa za magurudumu bure kabisa kwa sababu ya taa hii, hela imekwenda na taa imebaki.

P0171 maana yake kompyuta inaona hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo, imejitahidi kuongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake, na bado haitoshi. Na hapa ndo ile filta nyekundu inapoingia. Kwenye lile boksi jeusi mlilolitoa kulikuwa na sensa ya eaflo, ina kijiwaya chembamba kinachopashwa moto, hewa inayopita inakipoza, na kompyuta inasoma kimepozwa kiasi gani ndo inajua hewa ngapi imeingia. Hesabu hiyo imepigwa kiwandani kwa upana wa bomba lile lile la asili. Wewe ukaweka bomba lingine. Chukulia la zamani lilikuwa na milimita 70 na hili la kung'aa lina 76, tofauti unaona ndogo, lakini eneo la ndani limeongezeka karibu asilimia 18. Hewa ile ile inapita polepole kwenye bomba pana, kijiwaya kinapoa kidogo, kompyuta inaandika hewa kidogo na inamwaga mafuta kidogo. Ni sawa na kumbadilishia muuza mchele kibaba bila kumwambia, yeye anahesabu vibaba vyake vilevile na wewe unaondoka na mzigo mwingine kabisa. Kwenye gari isiyo na turbo utapata taa na uvivu. Kwenye turbo, mchanganyiko ukikosa mafuta wakati umekanyaga, joto ndani ya silinda linapanda, mafuta yanalipuka kabla ya wakati, na pistoni inapasuka. Wakati huo wewe unasikia mlio tu.

Na hizo koni nyingi zinapakwa mafuta maalum, ukizidisha yanafika kwenye kile kijiwaya yanakipaka, sensa inazidi kusoma uongo. Isafishwe kwa spirei ya sensa za eaflo na sio ile ya breki wala ya kabureta, na mtu asiiguse kwa kidole wala kwa kitambaa. Kingine, koni ya wazi iko ndani ya boneti, inavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye injini, wakati boksi la asili linavuta hewa ya nje ya mbele. Hewa ya moto ni nyepesi, nguvu inapungua. Umelipa hela ukapunguziwa nguvu ukauziwa kelele, sema kelele ni nzuri nakubali.

Na usishangae mafuta kuisha haraka wakati kompyuta inasema mafuta ni kidogo. Injini inamisi, silinda isiyochoma inatupa mafuta yake nje, na wewe mwenyewe mguu umekuwa mzito tangu mlio ubadilike, kubali.

P0420 ni fupi. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada yake. Masega yakiwa mazima, ya nyuma inatulia kwa sababu moshi umeshafanyiwa kazi. Masega yakiwa hayapo, ya nyuma inacheza sambamba na ya mbele, kompyuta inaelewa. Ndo maana shemeji akifuta taa inazima na baada ya siku chache inarudi. Kodi kama hii, yani hizo namba za hitilafu, haiwashi taa kwa kosa la kwanza, inasubiri ione kosa lile lile tena kwenye safari nyingine. Hakuna kuzoea hapo. Gari haizoei kutokuwa na kitu.

Na sasa nakuja kwenye swali ambalo wewe hukuliuliza: yale masega yako yako wapi? Maana hakuna fundi mjini hapa anayeyatupa. Ndani ya lile sega la kauri kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, kuna watu wanapita gereji kwa gereji wananunua, na wapo mafundi ambao ushauri wa kutoa masega unawatoka mdomoni haraka kwa sababu hiyo hiyo. Simtuhumu kijana wetu. Inawezekana yamekaa kwenye kona ya gereji yake, chini ya matairi. Lakini muulize, kwa upole, ukiwa na yeye peke yake. Kama yapo, kazi yenu imerahisika sana na gharama inakuwa ya welda na gasketi tu. Kama hayapo basi utajua kwamba zile laki saba hazikuwa bei ya ndugu kama alivyokuambia.

Taa kupepesa, ile ya Kitonga. Hapo namshukuru Mungu pamoja na wewe. Cheki injini ikitulia inamaanisha pima. Ikipepesa inamaanisha injini inamisi vibaya sasa hivi, mafuta hayajachomeka yanatoka kwenye bomba mabichi, na kama masega yangekuwepo yangeyeyuka kwa moto. Ikitokea tena toa mguu, punguza mzigo, egesha. Usipite lori. Chanzo naona ni viwili vimekutana. Plagi, kwanza, maana iridiamu feki ziko nyingi sana, zina boksi zuri na jina kubwa la Kijapani, ukizitoa ukaziweka kwenye mwanga ncha ya katikati ambayo inatakiwa iwe nyembamba kama sindano unaikuta nene imekwanguliwa tu, na maandishi kwenye kauri yanafutika kwa kucha. Kwenye turbo cheche dhaifu inazimwa na presha. Zitoe zote nne, zilaze kwenye karatasi kwa mpangilio wa silinda, piga picha. Cha pili ni huko kukata mafuta ghafla. Umetoa masega, turbo haina kinachoizuia nyuma, inazunguka kirahisi na kusukuma hewa kupita kiwango kompyuta ilichowekewa, kompyuta inajilinda kwa kukata mafuta. Hiyo ilikuwa inakuokolea pistoni. Watu wanaofanya hizi kazi za turbo vizuri, na wapo, hawafungi bomba bila kuiandikia kompyuta ramani mpya, yani hesabu mpya za hewa na mafuta, na kuipima kwa mashine inayosoma mchanganyiko wa moshi. Bomba bila ramani ni nusu ya kazi, na nusu yenyewe ile ya hatari.

Kwahiyo balbu, hapana. Achana kabisa na hilo wazo. Tena hata kama ungekuwa na nia ya kuiuza ukaificha, mnunuzi anayejua atageuza ufunguo bila kuwasha injini, pale taa zote zinatakiwa ziwake kidogo kujijaribu, akiona cheki injini haijawaka anaondoka au anakupunguzia bei kwa dharau. Na siku kitu kingine kikiharibika, sensa ya kamu, koili, chochote, hutakuwa na wa kukuambia. Kale kadude ka kuvuta sensa nako kanadanganya hiyo P0420 tu, P0171 iko pale pale, gesi iko pale pale.

Unarudisha nini? Anza na boksi jeusi na bomba lake, sensa isafishwe, filta mpya ya karatasi. Kagua klipu zote za mabomba ya turbo, moja ikilegea tu utafukuzana na P0171 mwaka mzima. Plagi halali za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nunua kwa mtu mwenye jina la kupoteza. Halafu masega, yako mwenyewe au ya mtumba kutoka SH5 nyingine yenye turbo, na kabla hujalipa litikise, likilia ndani limevunjika, na lipitishe tochi uone upande wa pili kwenye vitundu. Kimoja kimoja, futa kodi, tembea siku kadhaa, soma. Na wakati mnasoma mwambie asiangalie kodi tu, aangalie asilimia za marekebisho ya mafuta, yani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa kiasi gani. Zikicheza karibu na sifuri, hata zikifika 5 au 8 juu au chini, mmeshinda. Zikikaa kwenye 20 na zaidi bado kuna hewa inaingia bila kupimwa.

Mlio unaupenda? Hakuna shida, bakia nao. Silensa iliyo nyuma kabisa, baada ya masega na sensa zote, unaweza kubadilisha uweke ya mlio unaoutaka na kompyuta haitajua wala haijali. Hiyo ndo spea ya kwanza ambayo shemeji angekuwekea kama angekuuliza unataka nini, maana sioni mahali kwenye barua yako ulipomwambia gari haina nguvu.

Sasa kijana. Mimi ningemwita nyumbani, sio gereji kwake mbele ya vijana wake, na sio kwa mama mkwe. Mpe kwanza habari ya kichwa cha dada yake na mtoto kutapika, usianze na kodi. Mpe hiyo kwa sauti ya kawaida na umwache akae nayo. Hakuna fundi mwenye dada atakayeendelea kukuambia habari za magari ya vijana mjini baada ya hapo. Halafu mwambie kazi ya kurudisha anaifanya yeye, mkono wake, na wewe utamlipa ufundi wa kurudisha hiyo kazi, spea mtaelewana kutegemea na jibu lake la masega. Hii ya kumlipa najua inauma, ila ukimwambia arudishe bure utamfanya aharakishe, na bomba lililochomelewa kwa hasira ndo hilo linalovuja. Mwombe pia akubali yule fundi wa Subaru aje kukagua mwisho, tena aende akamwone mwenyewe, maana yule aliyekataa kugusa gari yako bila vitu vyake vya mwanzo ana mengi ya kumfundisha kijana wa Tabata kuhusu turbo.

Mama mkwe mpigie wewe kabla hajapiga tena. Mwambie, mama shikamoo, gari inarudi kwa mwanao Jumamosi, yeye ndo ataitengeneza. Basi. Mambo ya masega usimwambie hata akikuuliza, huyo ni mama yake.

Na kama akigoma, akasema hagusi au akaendelea na balbu, basi mpelekee yule fundi wa pili na ulipe mwenyewe. Zile laki saba usizidai, usimkumbushe na ile kompresa. Siku nyingine akija kusalimia na kupiga resi pale getini, funguo za gari ziwe mfukoni kwako.